Mafuta Yalikuwa Ndani ya Nyumba

Hotuba ya mwalimu wa watoto wa kanisa mwenyeji la Gatenga, siku ya pili ya kongamano la miaka 25 ya ushirika wetu, Kicukiro, Kigali. Imeandikwa kama ilivyosemwa, imefupishwa kidogo tu.



Wachungaji wetu, wazee wa kanisa, mama zetu, vijana, na wageni wote mliovuka mipaka: karibuni Kigali, karibuni Kicukiro. Nawaona ndugu wa Goma na Bukavu. Nawaona wa Kampala, wa Mwanza na Kigoma, wa Nairobi. Na ndugu zetu wa Bujumbura, tunajua mmezunguka njia ndefu mpaka kufika hapa, Mungu awatunze na mkirudi. Murakaza neza.

Mimi si mhubiri. Mimi ni mwalimu wa watoto, kazi yangu ni mikeka, chaki na sufuria ya uji. Kiswahili changu ni cha hapa hapa Kigali, kwa hiyo mkisikia Kinyarwanda kimeingia katikati msishangae.

Niliambiwa nieleze kazi ya watoto na familia tunayoifanya mtaani kwetu. Nitaieleza. Lakini wapendwa, kwenye ratiba mliyopewa mlangoni, ukurasa wa mwisho, pameandikwa kwamba sadaka ya shukrani ya Jumapili itajenga nyumba ya watoto yatima ya ushirika wetu. Nilipoisoma sikulala. Nikamwendea mchungaji wangu nikamwambia, "Mchungaji, nikisimama pale siwezi kunyamaza juu ya jambo hili." Akanitazama, akasema, "Sema. Lakini sema kwa heshima." Basi wazee wangu, nasema kwa heshima yote, na mkiona nimekosea mtanirekebisha. Mimi naomba nyumba hiyo tusiijenge.

Subirini, msiniangalie hivyo! Nipeni nafasi nieleze.

Mahali tulipo

Wilaya ya Kicukiro ni moja ya wilaya 3 za Jiji la Kigali. Sensa ya 2022 ilihesabu humu watu 491,731, katika mirenge 10. Mgeni akitoka uwanja wa ndege wa Kanombe akapita Sonatubes, anaona barabara safi, maua na majengo marefu, anasema, Kigali hakuna maskini. Ni mji mzuri, nasi tunaupenda na Jumamosi ya mwisho ya mwezi tunaufagia kwenye umuganda. Lakini teremka kidogo kutoka barabara ya lami. Teremka Gatenga, teremka Gikondo, teremka Kigarama kuelekea bondeni. Utakuta chumba kimoja, watu 6, mlango mmoja, jiko la mkaa nje. Baba ni kibarua wa ujenzi, akipata kazi leo kesho hana. Mama anabeba mboga au parachichi kichwani kwenye agataro, kile kikapu cha kuuzia mtaani, na biashara hiyo hairuhusiwi barabarani, kwa hiyo anauza huku anaangalia nyuma. Mtoto wa miaka 4 ameachwa na dada wa miaka 8, na huyo dada alitakiwa awe shuleni.

Na tukiongelea watoto hapa Kicukiro, kuna jambo hatuwezi kuliruka. Pale palipo leo chuo kilichokuwa kikiitwa IPRC Kigali, zamani palikuwa shule ya ETO. Mwezi wa nne 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu zaidi ya 2,000 walikimbilia pale kwa sababu palikuwa na wanajeshi wa Umoja wa Mataifa. Tarehe 11 Aprili wanajeshi wale waliondoka. Watu wakaswagwa kupelekwa Nyanza, juu kule, wakauawa. Mnaweza kwenda kwenye kumbukumbu, si mbali na hapa, na nawaomba mwende.

Baada ya hapo nchi hii ilijaa watoto wasio na mzazi. Mtoto wa miaka 13 akawa baba wa wadogo zake. Vikajengwa vituo vya yatima, na wakati ule viliokoa maisha, sitasema vibaya juu yake. Lakini pia wajane waliobaki bila kitu walichukua watoto wa wenzao wakawalea kwenye nyumba zisizo na mlango. Ninachosema leo nilijifunza kwa wajane hao kabla sijasoma karatasi yoyote.

Mjane na chupa ya mafuta

Tufungue 2 Wafalme sura ya 4, mstari wa 1 hadi wa 7. Habari mnaijua. Mume amekufa, naye alikuwa mtu wa Mungu, mmoja wa wanafunzi wa manabii. Ameacha deni. Mwenye kudai anakuja kuwachukua watoto wawili wawe watumwa. Mama anamlilia Elisha.

Sasa tuangalie Elisha hakufanya nini. Elisha alikuwa na jamii ya manabii iliyokuwa ikiishi pamoja na kula chungu kimoja, mnaiona mbele kidogo kwenye sura hiyo hiyo. Angeweza kusema, mama, lete watoto kwetu, watakula, watasoma, watakuwa salama. Ingeonekana huruma kubwa. Lakini hakusema hivyo. Alimwuliza mama ana kitu gani nyumbani.

Ndugu zangu, sisi hatukuuliza swali hilo. Tulianza kazi bila kuuliza. Nataka niwasimulie tulivyokosea, maana ushuhuda wa mafanikio peke yake haumsaidii mtu.

Kosa langu

Tulianza na chakula cha Jumamosi. Wali, maharage, mara moja moja nyama. Watoto walijaa, kanisa likajaa, tukafurahi, tukasema Mungu anatenda. Siku moja marafiki wa nje wakaomba picha. Mimi mwenyewe, hii mikono, niliwapanga watoto mbele ya madhabahu, nikachagua wale waliochanika nguo zaidi, nikasema kwenye kipaza sauti, "Hawa ndio watoto wetu maskini sana." Watu wakapiga makofi. Picha zikaenda.

Kulikuwa na msichana wa miaka 10 hivi, mwenye sauti nzuri ya kuimba. Jumamosi iliyofuata hakuja. Iliyofuata hakuja. Nikaenda kwao. Mama yake alinikaribisha vizuri, akanipa kiti, yeye akakaa chini kwenye jerikeni. Akaniambia kwa upole, "Mwalimu, sisi ni maskini tangu zamani na majirani wanajua. Lakini siku ile ndiyo darasa zima la mwanangu lilijua."

Sikuwa na la kujibu. Niliomba msamaha, mama akasamehe. Lakini mtoto hakurudi kuimba kwetu tena. Tulimpa sahani ya wali tukachukua heshima yake.

Rudini kwenye Neno. Elisha alimwagiza mama afunge mlango, yeye na wanawe, ndipo amimine. Muujiza mkubwa vile, na mlango umefungwa! Hakuna umati wala makofi, na nabii mwenyewe hakuwepo ndani. Mungu alilinda heshima ya nyumba ile. Tangu siku ile kanisani kwetu tuna sheria: hakuna picha ya mtoto anayepokea msaada, na hakuna mtoto anayeitwa mbele kwa sababu ya umaskini wake. Mfadhili akitaka kujua kazi inakwendaje, tunampa hesabu na barua. Kama hiyo haimtoshi, basi.

Mwenye kudai yuko mlangoni

Habari ya pili. Kulikuwa na kijana mdogo, miaka 11, tukimkuta karibu na soko la Ziniya anaokota vyuma na chupa. Analala nje siku mbili tatu, anarudi nyumbani, anatoka tena. Tulitaka kumtafutia kituo. Mmoja wa mama zetu akasema, "Jamani, kwanza twende kwao." Tukaenda.

Tukamkuta mama na watoto wengine watatu. Tukamwuliza, kuna nini nyumbani? Akacheka. Akasema, hakuna kitu. Ndivyo alivyosema na yule mjane, hana kitu, kisha akakumbuka chupa ya mafuta. Tukakaa. Tukaongea. Kumbe alikuwa amekopa faranga 40,000 kwa wale watu tunaowaita hapa Banki Lamberi. Wakongomani na Warundi mnacheka, mnawajua! Unakopa leo, mwezi ukiisha deni limenenepa kuliko aliyekopa. Deni lilikuwa limefika zaidi ya mara mbili. Kila jioni mwenye kudai anakuja kusimama mlangoni. Na yule kijana alikuwa anakimbia nyumbani ili asione mama yake akitukanwa. Vyuma alivyookota alikuwa anauza apunguze deni.

Mnaona? Tungempeleka kituoni, tungekuwa tumemtenga na mama yake na deni lingebaki pale pale, na mwaka unaofuata angetoka mdogo wake.

Na mama yule alikuwa na mafuta yake: alijua kushona, alishawahi kufanya kazi ya cherehani. Tulichofanya kilikuwa kidogo. Kwanza tuliongea na mwenye kudai, pamoja na kiongozi wa umudugudu, deni likakubaliwa lisiongezeke tena. Pili, mama akaingia kwenye ikimina. Watanzania mnaita VICOBA, Wakenya chama, Wakongomani likelemba. Si jambo geni. Mtindo wa sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, shirika la CARE walianza nao Niger mwaka 1991, wakiwa na wanawake wa vijijini wasiojua kusoma, nao umesambaa Afrika nzima. Kila wiki unanunua hisa zako, unakopa kutoka sanduku la wenzako kwa riba ndogo, mwisho wa mwaka mnagawana, na hiyo riba inarudi kwenu wenyewe badala ya kwenda kwa Banki Lamberi. Tatu, mama mmoja wa kanisa alimwazima cherehani iliyokuwa imelala nyumbani kwake na vumbi.

Iliazimwa, ndugu zangu, haikununuliwa. Yule mjane naye aliambiwa aazime vyombo kwa majirani, vyombo vitupu, wala visiwe vichache. Majirani hawakuombwa mafuta, maana hata wao pengine hawakuwa nayo. Waliombwa kitu kilichokaa bure ndani.

Ilichukua karibu miaka miwili mpaka deni likaisha. Kijana alirudi shuleni. Baadaye alijifunza uchomeleaji, na leo anachomelea milango ya watu. Haleluya!

Lakini nisiwadanganye. Kulikuwa na mwingine, rika lile lile, na familia yake iliishi bondeni kabisa, kwenye hatari ya mafuriko. Familia nyingi zilihama mabonde yale, na hiyo ya kwao ilihama wiki moja tu baada ya sisi kuanza kuwatembelea. Hatukuwa tumeandika namba ya simu ya mtu yeyote. Hatujui walikwenda wapi. Nikipita stendi ya Nyanza mpaka leo naangalia nyuso za vijana. Tangu hapo tuna daftari: jina la familia, simu, na simu ya ndugu mmoja nje ya mtaa. Ni kitu kidogo, ila kwetu kilikuja kwa kuchelewa.

Kwa nini nasema tusijenge

Sasa turudi kwenye nyumba ya yatima. Nchi hii imepita njia hiyo na imerudi. Vituo vilivyobaki baada ya vita, ilipofika mwaka 2012, vilikuwa bado na watoto zaidi ya 3,000. Walipochunguzwa mmoja mmoja, wengi walikuwa na ndugu aliye hai, mama, baba, shangazi, bibi. Kilichowapeleka pale kilikuwa umaskini. Serikali pamoja na UNICEF na wenzao wakaanza mwaka 2013 mpango wa Tubarerere mu Muryango, maana yake tuwalee katika familia. Watoto wengi wakarudishwa kwa ndugu, na wasio na ndugu wakapata wazazi wa kambo wanaoitwa Malayika Murinzi, malaika walinzi. Na ndugu wa Nairobi mnajua kwamba Kenya nayo ina mkakati wa kitaifa wa miaka 10, kuanzia 2022 hadi 2032, wa kuwatoa watoto vituoni na kuwarudisha kwenye familia. Tukijenga leo, tunajenga kitu ambacho majirani zetu wanakifunga.

Mtaniuliza, na yule asiye na mtu kabisa? Yupo, sikatai. Huyo anahitaji mama na baba, na hapa ndani tumekaa watu mia kadhaa tunaomwita Mungu Baba wa yatima. Wangapi kati yetu tumewahi kwenda kuomba kuwa wazazi wa kambo? Ni rahisi kutoa matofali kuliko kutoa kitanda cha chumba cha pili. Najisema na mimi.

Mtaniuliza tena, na wafadhili? Wao wanapenda jengo, wanapenda jiwe la msingi lenye jina. Ndiyo. Lakini tusome Kutoka sura ya 2. Binti Farao alimwona mtoto mtoni akamhurumia. Alikuwa na ikulu, angeweza kumpeleka moja kwa moja. Lakini mtoto alirudishwa kwa mama yake mzazi, na binti Farao akamlipa mama mshahara wa kumnyonyesha mtoto wake mwenyewe! Huyo ndiye mfadhili namtaka. Na wapo. Compassion, ile kazi iliyoanza Korea mwaka 1952 kwa watoto wa vita, iko Rwanda tangu 1980 na inafanya kazi kupitia makanisa ya mahali. Mtoto analala kwao, anakuja kanisani siku ya ratiba, anarudi kwao. Haikuhitaji kumtoa nyumbani ili kumsaidia.

Hesabu ya sadaka

Mimi ni mwalimu, acheni nifanye hesabu. Chukua familia ya watu 6. Bima ya afya, mutuelle de santé, kwa kiwango cha faranga 3,000 kwa mtu kwa mwaka tulichokizoea miaka mingi: 3,000 mara 6 ni 18,000. Familia ikishindwa kulipia watu wake, mtoto akiugua usiku wanabaki kuangaliana. Chakula cha shule ya msingi ya serikali, tangu 2022 mchango wa mzazi ni faranga 975 kwa muhula, serikali inalipa sehemu kubwa. Watoto 2, mihula 3: 5,850. Jumla faranga 23,850. Kwa mwaka mzima!

Ndiyo, kuna sare, kuna daftari, kuna viatu. Lakini ongeza hivyo vyote, kisha nendeni mkaulize fundi bei ya mabati ya hiyo nyumba yetu peke yake. Mahesabu ya Goma na Mwanza yatakuwa mengine, kila tawi lifanye yake. Mimi nasema tu tupige hesabu kabla ya kupiga makofi.

Na hata hizo 23,850 tusiwalipie milele. Tunalipa mwaka wa kwanza yote, wa pili nusu, wa tatu familia inalipa kupitia ikimina. Mama mmoja alikuja mwaka wa tatu na risiti ya bima mkononi, akanionyesha kama mtu anayeonyesha cheti cha chuo. Elisha naye alimwambia mjane auze mafuta, alipe deni, aishi kwa kilichobaki. Hatusomi kwamba alimwomba mjane arudi kila mwezi.

Ninayoomba

Wazee wangu, nisikatae bila kupendekeza. Naomba mambo manne.

La kwanza, tufungue majengo yetu. Tunaomba Mungu vyombo, na chombo kitupu kikubwa kuliko vyote mtaani ni kanisa kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa! Kwetu limekuwa irerero, mahali pa kulelea watoto wa miaka 3 mpaka 6 asubuhi. Mikeka, maji ya kunawa mikono, vitu vya kuchezea ambavyo wazazi wanavitengeneza wenyewe kwa maboksi na vifuniko vya chupa, na kikombe cha igikoma, uji wa sosoma: soya, mtama na mahindi. Wazazi wanashika zamu, mama akilea siku moja, siku nyingine anakwenda kutafuta riziki bila wasiwasi, na yule dada wa miaka 8 anarudi darasani. Msione uji ni jambo dogo. Utafiti wa afya wa 2019 na 2020 ulikuta watoto 33 katika kila 100 wa Rwanda walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Mtoto aliyedumaa hata akija shule ya Jumapili Neno linaingia kwa shida. Lakini fuateni utaratibu: nendeni ofisi ya umurenge au ya kata, ombeni kibali, choo kiwe kizuri, maji yawepo. Tusijifanye kwamba tumeokoka basi kanuni hazituhusu.

La pili, tufanye kazi na walioko mtaani tayari. Hapa kila umudugudu una Inshuti z'Umuryango, marafiki wa familia, watu wawili, mwanamume na mwanamke, wanaojua nyumba ipi ina ugomvi, mtoto yupi hasomi. Hawalipwi. Kanisa letu lilikaa miaka bila kujua majina yao! Kila nchi ina watu wa namna hiyo. Mtafuteni wa kwenu, mnyweni naye chai. Na msaada usiangalie nani ni wetu. Jirani zetu Wakatoliki, Wasalesio wa Don Bosco pale Gatenga, wanafundisha vijana ufundi bila kuuliza kadi ya ubatizo. Tunawatuma vijana wetu kwao. Hatujapungukiwa na Roho Mtakatifu kwa kufanya hivyo.

La tatu ni zito. Tulinde watoto ndani ya nyumba yetu wenyewe. Mtu mzima asikae peke yake na mtoto chumbani, hata awe mchungaji, hata awe mimi. Na mtoto akidhulumiwa, jamani, jambo hilo halimalizwi kwenye kikao cha wazee kwa kuombana msamaha. Kuombeana tutaombeana, lakini baada ya kuripoti. Rwanda kuna vituo vya Isange hospitalini, tangu kile cha kwanza cha Kacyiru mwaka 2009, ambako daktari, polisi na mshauri wako mahali pamoja, na huduma ni bure. Kenya, Uganda na Tanzania kuna simu ya watoto namba 116. Iandikeni ukutani, pale pale penye ratiba ya ibada. Kanisa likificha jambo kama hilo ili kulinda jina lake, jina hilo halina tena cha kulindwa.

La nne, sadaka ya Jumapili. Naomba tuigawe kwa matawi yote, kila tawi lianze na familia 10, masanduku ya ikimina na mwaka mmoja wa bima na shule. Mwakani tukutane tusomeane daftari: tulifanikiwa wapi, tulishindwa wapi. Kama mwaka mmoja ukipita mkaona nimewapotosha, nitakuwa wa kwanza kubeba tofali.

Mwisho

Wapendwa, mafuta yalikoma lini? Yalikoma vyombo vilipokwisha. Mwana alimwambia mama hakuna chombo tena, na mafuta yakakoma pale pale. Mungu hakupungukiwa. Majirani ndio waliokuwa wametoa vyombo vyao vyote.

Nikisoma hapo huwa najiuliza kama kulikuwa na jirani mmoja aliyekuwa na mtungi mkubwa, akaficha. Akasema, sasa huyu mjane atauvunja. Akausafisha akaurudisha kabatini. Jioni akasikia habari ya muujiza.

Sitaki tuwe jirani huyo. Tuna majengo, tuna cherehani zenye vumbi, tuna vyumba vya pili, tuna watu waliostaafu ualimu na uuguzi wanaokaa nyumbani wakisubiri Jumapili. Kwenye vile vyumba vya Gatenga, na mitaa ya kwenu ambayo mimi siijui ila nyinyi mnaijua, kuna mama anayesema hana kitu nyumbani. Twende tukakae naye mpaka akumbuke chupa yake. Na tukiondoka, tufunge mlango vizuri.

Wazee wangu, nimesema kwa heshima. Yaliyobaki ni yenu, na ya Bwana.